PCB kwa Dada, PCM kwa Kaka

Mwalimu yeyote aliyefundisha kidato cha tano katika shule ya mchanganyiko anaijua sura hii. Darasa la PCM limejaa wavulana; wasichana ni wa kuhesabu, nao aghalabu huketi pamoja. Darasa la PCB lina wasichana tele, na mwaka mwingine huwazidi wavulana. Yote mawili ni madarasa ya sayansi, yote yanadai fizikia na kemia. Kinachotofautiana ni somo moja, hisabati hapa na bayolojia pale, na somo hilo moja linatosha kuwagawa watoto wa rika moja, waliofaulu kwa alama zinazokaribiana, katika makundi ambayo baada ya miaka miwili yataelekea uhandisi kwa upande mmoja, na udaktari, uuguzi na famasi kwa upande wa pili.

Uliza sababu, utapewa jibu la haraka: wasichana hawapendi hesabu, wanapenda kuhudumia watu. Ukimuuliza mwanaharakati wa usawa wa kijinsia atakujibu vingine: wasichana wamezuiwa. Kila jibu lina utafiti nyuma yake, na kila moja, nionavyo mimi, linaruka hatua. Haiba ya mtu haiwezi kuchagua kozi mpaka pawepo cha kuchagua. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama msichana ameifuata nafsi yake au ameifuata jamii, inatupasa tujue ni lini katika safari ya mwanafunzi wa Afrika Mashariki uamuzi unakuwa wake, na kufikia hapo ni mangapi yameshaamuliwa.

Tuanze na upande wa haiba, maana wanasaikolojia wameufanyia kazi kwa miongo mingi na si haki kuupuuza. John Holland, Mmarekani aliyekuwa akiwahoji askari wapya wakati wa Vita Kuu ya Pili ili wapangiwe kazi, alichapisha mwaka 1959 nadharia ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa dodoso nyingi za ushauri wa kazi. Alisema watu, na vilevile kazi, huangukia katika aina sita: ya vitendo, ya uchunguzi, ya sanaa, ya huduma kwa watu, ya kushawishi na kuongoza, na ya utaratibu wa ofisini. Mtu hutulia pale aina yake inapolingana na ya kazi yake. Zisipolingana, huhangaika, na mara nyingi huondoka.

Baada yake ikashika nguvu njia nyingine, ya sifa tano kuu: udadisi wa mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa wenzake, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Anna Vedel wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, alichapisha mwaka 2016 mapitio ya tafiti 12 zilizolinganisha sifa hizo baina ya wanafunzi wa fani mbalimbali, jumla yao zaidi ya 13,000. Kuna ruwaza iliyojirudia. Wanafunzi wa sanaa, lugha na saikolojia walikuwa juu kwa udadisi na pia kwa wasiwasi. Wa uchumi, sheria, siasa na udaktari walikuwa wachangamfu zaidi. Wa sheria, biashara na uchumi walikuwa chini kwa upole, jambo ambalo waliowahi kukaa bweni moja na wanasheria watarajiwa hawatalishangaa. Wa sanaa walikuwa chini kwa mpangilio.

Mtu anaweza kusema ni kozi iliyowafanya hivyo: mweke kijana miaka mitatu kwenye kesi za madai, lazima atoke mbishi. Lakini mwaka mmoja kabla, Vedel na wenzake walikuwa wamewapima wanafunzi zaidi ya elfu moja wa Aarhus ndiyo kwanza wameingia chuoni, na tofauti tayari zilikuwapo. Hao hawakuwa wamesomeshwa chochote bado. Walikuja nazo.

Basi haiba ina neno lake. Jinsia je? Hapa ndipo watu huchanganya mambo, kwa sababu wanawake kwa wastani hupata alama za juu kidogo katika upole na katika wasiwasi, na wanawake hao hao ndio wengi katika saikolojia, ualimu na uuguzi. Mtafiti asiyetenganisha atatangaza kuwa amegundua haiba ya fani, kumbe amehesabu wanawake mara mbili. Tena tofauti za sifa zenyewe si kubwa kama mazungumzo ya vijiweni yanavyozikuza. Janet Hyde alipopitia mwaka 2005 majumuisho 46 ya tafiti kuhusu tofauti za wanaume na wanawake, alikuta kiasi cha asilimia 78 ya tofauti hizo ni ndogo au hazipo kabisa.

Pana jambo moja ambalo si dogo. Mwaka 2009 Rong Su na wenzake walikusanya takwimu za dodoso za mapendeleo ya kazi zilizojazwa na watu zaidi ya 500,000, wengi wao wa Marekani, wakakuta kwamba wanaume huvutiwa zaidi na kazi za vitu na mitambo, wanawake na kazi za watu, kwa tofauti inayokaribia kipimo kimoja kamili cha mtawanyiko. Katika saikolojia hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo isomwe vizuri. Kwa ukubwa huo, kati ya wanawake 100 wapo kama 18 wanaovutiwa na mitambo kuliko mwanaume wa wastani. Katika shule ya wasichana yenye wanafunzi 600 hao ni zaidi ya mia moja, wanaotosha kujaza madarasa mawili ya PCM. Wako wapi? Wastani haukatazi mtu mmojammoja, na bado ndio unaotumika kumkatisha tamaa.

Ukiitazama PCB na PCM kwa jicho hilo, unaona mantiki yake. Udaktari ni sayansi ya watu, uhandisi ni sayansi ya vitu. Lakini takwimu zote nilizotaja zimetoka kwa watu wa aina moja: vijana wa nchi tajiri, waliozoea kujaza dodoso, katika nchi ambako mwanafunzi aliyefaulu wastani anaweza kuomba karibu kozi yoyote, na akibadili mawazo akahama. Rachid Laajaj na wenzake walichunguza takwimu za dodoso za sifa tano kutoka nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati, wakachapisha mwaka 2019 kwamba pale maswali yanapoulizwa ana kwa ana na mdadisi, sifa hizo tano hazijitokezi sawasawa: maswali yanayopaswa kwenda pamoja hayaendi pamoja, na watu huelekea kuitikia kila kitu. Mwaka 2020 Amber Gayle Thalmayer na wenzake wakatoa utafiti uliochukua njia tofauti. Hawakupeleka dodoso la Kizungu. Walianza na maneno ambayo Wamasai wenyewe, na Wasenufo wa Afrika Magharibi, hutumia kumweleza mtu alivyo. Picha waliyoipata haikulingana vizuri na ile ya sifa tano. Sisemi haiba ni jambo la Wazungu. Kila kijiji kinamjua mpole wake na mkorofi wake. Nasema chombo cha kupimia hakijakomaa huku, na aliyesoma kwenye simu yake kuwa herufi nne za jaribio la Myers na Briggs zinamwonyesha kozi ya kusoma ajue kwamba jaribio hilo lilibuniwa na mama na binti yake ambao hawakusomea saikolojia, na wataalamu wengi wa fani hiyo hawalitegemei.

Sasa njoo kwenye ngazi yenyewe anayopanda mwanafunzi wa Tanzania. Kwa mfumo ambao kizazi cha sasa cha wanavyuo kimepitia, uamuzi mkubwa haukufanyika kwenye dirisha la udahili wa chuo kikuu. Ulifanyika baada ya mtihani wa kidato cha pili, mtoto ana miaka 15 au 16, pale fizikia na kemia zinapoacha kuwa za lazima. Hisabati na bayolojia zinabaki, lakini aliyeacha fizikia na kemia amekwishafunga mlango wa PCM, PCB, PGM na CBG kwa pamoja. Kinachobaki ni tahasusi za masomo ya sanaa, HGL, HKL, HGK na jamaa zake, na kwa wenye hesabu nzuri HGE, EGM au ECA.

Nani huacha fizikia? Yule ambaye shule yake ya kata haikuwa na mwalimu wa fizikia. Wimbi la kujenga sekondari za kata lililoanza katikati ya miaka ya 2000 liliwafikisha darasani watoto ambao wasingepata nafasi hiyo kabisa, na hilo lisibezwe. Ila majengo yalitangulia walimu wa sayansi, na maabara zikafuata baadaye kwa agizo la Rais Kikwete kwamba kila shule iwe nazo tatu. Katika shule kama hizo swali la kama binti ana haiba ya uchunguzi halina maana. Alifundishwa kemia kwa ubao na chaki, hajawahi kuona titresheni, akapata F, akaambiwa yeye ni mtu wa sanaa. Mvulana wa shule hiyo hiyo alipata F ileile. Tofauti yao ni nyepesi, lakini ni ya kila siku: mvulana ana saa za jioni za kwenda kwa mwalimu wa tuisheni au kuungana na wenzake wanaosolvu maswali, binti ana maji ya kuteka, wadogo wa kulea, na mzazi asiyetaka aonekane njiani baada ya magharibi.

Kisha hufika kidato cha nne, matokeo yanatoka, na TAMISEMI wanapanga. Mwanafunzi amejaza machaguo yake, lakini lugha yenyewe ya mtaani inakwambia nani ametenda: nimepangiwa HKL, nimepangiwa Tabora. Wengi hupata walichoomba. Wengine hupelekwa penye nafasi. Wiki za kwanza za kidato cha tano huwa na msururu mdogo nje ya ofisi ya mkuu wa shule wa wanaoomba kubadilishiwa kombi, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo haiba inapofanya kazi yake ya kweli kwa mara ya kwanza. Anayepanga foleni ni mchangamfu, au ana baba anayejua kupiga simu. Mpole anabaki alipopangiwa na kujifunza kupenda Kiswahili na historia. Ukimpima miaka mitano baadaye chuoni utakuta watu wapole katika ualimu wa sanaa, uandike makala kwamba upole huvutia watu kwenye ualimu.

Chuo kikuu nako kuna milango yake. TCU huweka sifa za chini za kila programu, vyuo huchuja kwa ushindani, na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, kwa miaka mingi imezipa kozi za tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi kipaumbele. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 pia kuna Samia Skolashipu kwa waliofanya vizuri sana katika sayansi kidato cha sita. Mtoto wa mkulima asiyeweza kulipa ada bila mkopo hachagui kati ya fasihi na jiolojia kwa kuangalia moyo wake unadunda wapi. Anaangalia bumu litatoka wapi. Kenya mambo hayo yako wazi zaidi, kwani KUCCPS, iliyochukua nafasi ya bodi ya zamani ya udahili wa pamoja baada ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012, huwapanga wanafunzi kwa alama za vikundi vya masomo. Aliyepata A ya KCSE huambiwa na ukoo mzima kwamba kutosomea udaktari ni kupoteza A. Huyo naye, mwenye alama zote, ana uhuru mdogo kuliko tunavyodhani. Alama zake zimemchagulia.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote katika mjadala huu, na ambao hautajwi vya kutosha, uko wodini. Kama uuguzi ni kazi ya watu wapole, na wanawake ni wapole zaidi, basi uuguzi uwe wa wanawake kila mahali kwa kiasi kilekile. Shirika la Afya Duniani lilipohesabu mwaka 2019, wanawake walikuwa kama asilimia 86 ya wauguzi wa bara la Amerika na asilimia 84 ya wauguzi wa Ulaya. Katika kanda ya Afrika walikuwa asilimia 65. Zaidi ya theluthi moja ya wauguzi wetu ni wanaume. Mwanaume wa Kiafrika hajawa mpole kuliko wa Ujerumani. Ila hapa uuguzi ni ajira yenye mshahara wa serikali, cheti kinachopatikana kwa miaka michache, na heshima ya kuitwa daktari na kijiji kizima hata kama wewe ni nesi. Penye njia chache za kutoka, wanaume hupita njia yoyote iliyo wazi, na haiba husubiri.

Hata kuipenda hesabu kwenyewe si jambo rahisi kama linavyoonekana. Thomas Breda na Clotilde Napp walichukua takwimu za mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012, wanafunzi 300,000 wa nchi 64, wakauliza swali la kijanja: je, wasichana wanakwepa fani za hesabu kwa sababu wako dhaifu katika hesabu, au kwa sababu wana nguvu zaidi mahali pengine? Majibu yao, yaliyochapishwa mwaka 2019, ni kwamba pengo la wavulana na wasichana katika hesabu ni dogo, lakini wasichana wanawazidi wavulana mbali katika kusoma. Msichana mwenye B ya hesabu na A ya lugha hujiona mtu wa lugha. Mvulana mwenye B hiyohiyo ya hesabu na C ya lugha hujiona mhandisi. Ulinganisho huo wa ndani ya mtu mmoja ulieleza hadi asilimia 80 ya pengo katika nia ya kusoma fani zenye hesabu nyingi.

Tanzania haikuwemo katika takwimu hizo, lakini mfumo wetu wa tahasusi unaipa hoja hiyo nguvu kuliko nchi nyingi, maana unamlazimisha mtoto kujilinganisha na nafsi yake na kuacha masomo mengine yote. Aliye mzuri kila mahali anapata hasara kwa uzuri wake. Wasichana wengi wanaoishia HGL hawakushindwa hesabu. Walikuwa na Kiswahili na Kiingereza kizuri, na hakuna mtu aliyewaambia kuwa hesabu yao ya B ilikuwa inatosha.

Kuambiwa ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kumwona aliyetangulia. Wanauchumi wamelipima hilo mahali pasipotarajiwa, chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hugawiwa wakufunzi bila kuchagua. Scott Carrell, Marianne Page na James West walionyesha mwaka 2010 kwamba wanafunzi wa kike, hasa wale hodari wa hesabu, walifanya vizuri zaidi na kuelekea zaidi kwenye sayansi walipopata mkufunzi mwanamke katika masomo ya mwanzo ya hesabu na sayansi. Wavulana hawakuathirika sana. Huku kwetu waliotangulia hawakuwa na wa kuwatazama. Julie Manning alisoma sheria katika darasa la kwanza kabisa la chuo cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1961, akaja kuwa jaji na waziri wa sheria. Esther Mwaikambo alihitimu udaktari Moscow mwaka 1969 akawa Mtanzania wa kwanza mwanamke kuwa daktari, na mwaka 1987 akaanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Wangari Maathai alisomea bayolojia Kansas, akarudi Nairobi kupata mwaka 1971 shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Mtu anaweza kusema hao walikuwa na haiba za ajabu, na ni kweli. Penye ukuta, haiba za ajabu tu ndizo hupenya, na ndiyo maana kuwatumia kama mfano wa nini haiba inaweza kufanya ni kujidanganya. Swali ni ukuta unawarudisha wangapi wa kawaida.

Serikali na vyuo vimejaribu kuushusha. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana wote pointi 1.5 za kuingilia. Idadi ya wanawake chuoni ilipanda upesi, lakini katika uhandisi na sayansi ongezeko lilikuwa dogo zaidi kuliko katika sanaa, kwa sababu pointi haziwezi kumpa mtu fizikia aliyoiacha akiwa na miaka 15. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichukua njia ya polepole: kozi ya awali kwa wasichana waliokosa alama kidogo, wafundishwe tena sayansi na hesabu kabla ya kuingia. Mpango wa SEQUIP nao umeleta shule za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara. Katika hatua zote hizi, ile ya shule ndiyo naiamini zaidi, kwa kuwa inamkuta mtoto kabla hajaacha somo.

Hapa hujitokeza pingamizi kali, na msomaji makini ameshaliona likija. Tuseme vikwazo vyote vimeondolewa. Je, PCM itajaa wasichana? Gijsbert Stoet na David Geary walidai mwaka 2018 kwamba nchi zenye usawa mkubwa wa kijinsia, kama zile za Skandinavia, zina sehemu ndogo ya wanawake katika sayansi na uhandisi kuliko nchi kama Algeria. Mwaka huohuo Armin Falk na Johannes Hermle, kwa takwimu za watu 80,000 wa nchi 76, walionyesha kuwa tofauti za wanaume na wanawake katika mambo kama kuthubutu hatari, subira na ukarimu huongezeka kadiri nchi inavyotajirika na kuwa na usawa. Maelezo yao: njaa ikiondoka, kila mtu hufuata alivyo.

Utafiti wa Stoet na Geary ulibanwa. Watafiti wengine walishindwa kuyapata matokeo yaleyale kwa kipimo kilichoelezwa, waandishi wakalazimika kutoa masahihisho mwaka 2019 kueleza kwamba hesabu yao haikuwa uwiano wa moja kwa moja kama wengi walivyoielewa. Lakini jambo lenyewe halikufutika. Ripoti ya sayansi ya UNESCO ya mwaka 2021 inaonyesha wanawake kuwa asilimia 28 ya wahitimu wa uhandisi duniani. Algeria ni asilimia 48.5, Tunisia 44.2, na Oman, ambako nyumba nyingi za Maskati zinaongea Kiswahili, asilimia 43.2. Ndugu yake binti wa Zanzibar aliyezaliwa Oman anaingia uhandisi bila mtu kushangaa. Sidhani haiba yake ni nyingine. Uhandisi kule ni kazi ya ofisi, yenye heshima, inayokubaliwa na familia.

Na upande wa pili, Marekani, tajiri na huru: mwaka 1984 wanawake walikuwa asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya kompyuta, baadaye wakashuka hadi kama asilimia 18. Haiba za wanawake wa taifa zima hazibadiliki namna hiyo kwa miaka ishirini. Kilichobadilika ni taswira ya kozi, kompyuta ilipoingia majumbani kama kitu cha kuchezea cha wavulana. Nani ni mtu wa kompyuta ni jibu ambalo jamii huliandika kwanza, kisha vijana hujipima nalo.

Kwa hiyo sikubali kwamba uhuru ukiongezeka tunaiona haiba tupu. Lakini nakubali sehemu ya onyo lao, na linatuhusu sasa hivi. Mwaka 2024 Tanzania iliongeza tahasusi za kidato cha tano kutoka 16 hadi 65, zikiingizwa za lugha, sanaa, michezo, dini na teknolojia. Kenya imeanzisha sekondari ya juu yenye mikondo mitatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, kundi la kwanza la Gredi ya 10 likiwa la Januari 2026. Lengo ni zuri: mtoto afuate kipaji. Ila uchaguzi mpana unaofanywa na mtoto wa miaka 14 asiyewahi kushika multimita utafuata uvumi. Natarajia mgawanyiko wa kijinsia kuongezeka kidogo kabla haujapungua, na natarajia atakayekuja kuulaumu au kuusifu atasema watoto wamechagua wenyewe.

Kwa kuwa uchaguzi umekuja mapema, vipimo vya mapendeleo navyo vitaingia shuleni, vingi vikiwa wajukuu wa Holland. Navyo vina historia ya kufaa kukumbukwa. Dodoso maarufu la Edward Strong wa Stanford lilikuwa na fomu ya buluu ya wanaume na ya waridi ya wanawake, kila moja na orodha yake ya kazi, mpaka mwaka 1974 zilipounganishwa. Kuunganisha fomu hakukumaliza tatizo. Swali kama "ungependa kutengeneza pikipiki?" humpa alama anayejua ladha ya kufanya hivyo, na huko Mwanza au Kisumu anayejua ladha hiyo ni kaka, kwa kuwa yeye ndiye aliyeruhusiwa kushinda gereji. Binti akijibu "labda", alama yake italinganishwa na nani? Ukitumia jedwali la wanafunzi wote, atatoka chini katika kazi za vitendo na kuambiwa ajaribu ualimu. Ukitumia jedwali la wasichana peke yao, "labda" yake ni ya juu kuliko ya wenzake wengi, na ripoti itamwambia afikirie uhandisi. Majibu ni yaleyale, haiba ni ileile, na mwalimu wa ushauri nasaha atakayekabidhiwa karatasi hiyo, mwenye vipindi 28 kwa wiki na wanafunzi 400, hataandikiwa popote ni jedwali lipi lililotumika.